Mgagani kutoka Nyanungu

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri hapa Nkende na matope yamejaa hadi mlangoni, lakini leo siyaoni kuwa kero.

Damu imepanda!

Nimetoka kliniki nikicheka peke yangu njiani. Mwezi uliopita nesi aliniambia damu yangu ni kidogo mno na mimba imeshakuwa kubwa. Isipopanda, kujifungua kutakuwa hatari kwangu na kwa mtoto. Tangu siku ile usingizi ulinipaa. Alinipa vidonge, akanihimiza nile mboga za majani zenye madini ya chuma, nizikamulie ndimu, na chai niiweke mbali na chakula. Mimi na chai! Niliona kama ananivunjia ndoa.

Mume wangu anachimba dhahabu Kewanja, na siku hizi za dhahabu jirani akikukuta unapika majani anadhani mwamba wa dhahabu umewakimbia. Kwetu ilikuwa wali, nyama na soda.

Nikamweleza wifi yangu, anayeishi na baba yao huko Nyanungu. Tangu hapo kila siku ya soko bodaboda ananiletea furushi la mgagani, machipukizi matupu, laini. Ni mchungu, jamani. Nauchemsha, naukaanga na nyanya na kitunguu, nafumba macho, nakula. Nikiri tu: siku za mwanzo nilikuwa nafunga mlango kwanza.

Mama mkwe alishafariki, kwa hiyo nilidhani anayechuma ni wifi. Jioni hii nimempigia nimpe habari na kumshukuru. Akacheka.

"Mimi? Mimi nashinda dukani, wifi. Ni baba huyo. Anachuma mwenyewe, wazee wenzake wanamcheka eti amegeuka mwanamke."

Kwa mila zetu Wakurya, baba mkwe haingii nyumbani kwangu wala hatupeani mkono. Salamu zetu ni za mbali, kila mmoja akitazama pembeni. Miaka yote hii nilifikiri hata jina langu halijui vizuri.

Nikalia. Sikuona aibu.

"Mwambie damu imepanda," nikasema. "Mwambie nesi amesema tuko salama, mimi na mtoto."

Wifi akajibu:

"Amesikia, simu iko kwenye spika. Amechukua kapu la kuchumia, ametoka."