Randa Yenye Tumbo

3 Machi

Baba, shikamoo.

Mjukuu wako sasa hivi amepanda mezani, ameishika ile randa yako mbele na nyuma, anaibembeza kama anamlaza mtoto mwenzake. Nimemnyang'anya, analia, ndiyo maana mwandiko unacheza. Sisi hatujambo. Macho yako je?

Basi hapo ndipo nilipoona randa haitulii mezani. Tumbo lake limebinuka! Kutu nimeshaitoa kwenye jisu, na ile kabari iliyopasuka nimechonga mpya, wala sikujikata. Ila hilo tumbo, Baba. Jirani yetu mchomeleaji anasema mbao imekula unyevu, nitandaze msasa juu ya kioo niisugue mpaka inyooke. Nitaanza Jumamosi.

Ulisema nikiifufua hii moja, sanduku zima la randa zako ni langu. Usimpe yule mwanafunzi wako, Msumari. Yule atazipaka vanishi azitundike ukutani kama picha za harusi.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Macho ni yale yale. Kikombe nakipata, chai ndiyo inayonikwepa.

Barua yako mama yako amenisomea mara mbili, na haya ndiye anayeniandikia. Kuhusu hilo tumbo sina la kusema. Randa unayo wewe. Msumari anakuja na gari kulichukua sanduku tarehe thelathini, na yule hachelewi. Ikikubali kazi, nitumie maranda yake kwenye bahasha. Vidole vyangu bado vinasoma.

Baba yako

24 Machi

Baba, shikamoo. Mama msalimie sana. Mtoto ameota jino la nne, na la kwanza kulionja ni bega langu.

Barua yako iliniuma. Nikasema, mzee huyu, hata neno moja! Lakini sikiliza. Ile Jumamosi nilisugua mara tatu tu, mkono ukagoma. Nikalitazama jisu. Makali yake nayo yamebinuka, kama ukucha. Nikajiuliza, haya, mbao imekula unyevu, na chuma kimekula nini? Kuna mtu alilinoa hivyo akijua anachofanya. Nikaukunja msasa.

Nikaijaribu kwenye ubao. Ikauma katikati, ikachimba bonde. Nikaudhika, kisha nikacheka peke yangu. Bonde ndiyo kazi yake! Ni ya kuchongea kigoda mahali pa kukalia. Nimemaliza kimoja, nikamkalisha mchomeleaji. Akajisogeza huku na huku, kisha akasema, "Shemeji, mimi hapa nimehamia."

Maranda ni haya. Msumari asiondoke kabla hujayagusa, nakuomba.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hilo jino nalo marahaba.

Bahasha imefika tarehe thelathini, sanduku limeshapakiwa, Msumari anafunga kamba. Nikamwambia ngoja. Nikaupitisha utepe mmoja kwenye vidole. Mwembamba kama ganda la kitunguu, haukuchanika popote. Nikampa naye aushike. Akauliza, "Wa fundi gani huyu, Mzee?" Nikamwambia, wa binti yangu. Nikarudia, ingawa si kiziwi. Sanduku akalishusha mwenyewe.

Sasa nikuambie nilichoficha. Randa za namna hiyo zilikuwa mbili. Ya kwanza niliinyoosha mimi, kwa msasa, nikiwa na umri kama wako, nikampelekea mwalimu wangu nikitegemea sifa. Wiki nzima hakunisemesha. Nilikaa kimya nione utafika wapi. Umenipita, mwanangu. Mama yako ananiambia nisilie juu ya karatasi yake.

Sanduku liko njiani.

Baba yako

19 Aprili

Baba, shikamoo.

Sanduku limefika! Randa zote kumi na moja nimezipanga kitandani, sisi tumelala chini. Mume wangu analalamika mgongo, ila nimemkuta anawahesabia wageni. Kuna moja nyembamba ina majisu mawili, nilitaka kukuuliza lipi linatangulia. Ngoja, nje kuna mtu anaita, "Fundi! Fundi!" Nimemjibu, fundi mchomeleaji ni mlango wa pili. Anasema hapana, anamtafuta yule mama wa vigoda. Baba, ananiita mimi, acha niende nikamsikilize.

Mwanao