Mama Mkwe Barabarani

Jumatatu, 3 Juni

Tumeondoka! Jamani, tumeondoka kweli! Naandika nikiwa nimekaa kitandani kwangu na kitanda chenyewe kinakwenda. Mwandiko unaruka kama panzi, shauri ya mashimo.

Majirani walitoka wote kutuaga. Mwenye duka aliuliza kama tumefukuzwa. Shoga yangu niliyemwachia funguo za saluni alilia machozi ya kweli, halafu akauliza kama anaweza kupaka kuta rangi ya waridi. Hata kona hatujakata!

Zamani gari letu hili jeupe lilikuwa la kusambazia mikate. Mume wangu, Baba Pacha, alilikuta limelala kwenye nyasi, akalinunua, akashinda nalo kwa fundi wa kuchomelea mpaka watu wakasema huyo mzee amestaafu vibaya. Sasa lina kitanda, jiko la gesi, sinki, tangi la maji juu ya paa, na mapazia niliyoshona mwenyewe. Jua likiwaka, mabati bado yananuka mkate.

Tumelipa jina: Mama Mkwe. Halipendi kuharakishwa, linaguna kila kilima, na ukibamiza mlango linanuna, haliwaki. Baba Pacha anasema ukimwamkia vizuri asubuhi anaitikia.

Yeye ameendesha malori tangu anioe. Mimi nilibaki na watoto wetu pacha na vichwa vya watu vya kusuka. Nilichopata cha barabara ni vumbi kwenye mashati yake, na hadithi. Ziwa la chumvi jeupe kama shuka. Mlima ambao barabara yake imejizungusha kama kilemba. Sasa ameniahidi: kila mahali alipolala bila mimi, atanionyesha.

Nacheka peke yangu kama mwehu.

Jumanne, 4 Juni

Somo la kwanza la kuishi garini: kisichofungwa kitaanguka. Kona moja tu — vijiko, sufuria, mafuta ya nywele, mayai. Mayai! Nimepiga deki huku tunatembea, nimeshika kitanda kwa mkono mmoja.

Somo la pili: watu wawili hawapishani humu. Mmoja aketi ndipo mwingine apite. Na mkigombana, utakwenda wapi kununa? Nilijaribu (alikuwa ametumia taulo langu kufutia kioo). Nikaenda kununia kiti cha mbele. Naye akaja kukaa kiti cha pili, maana ndiye dereva. Tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeliona ziwa la chumvi. Si jeupe kama shuka. Ni jeupe kuliko shuka! Nilishuka pekupeku, nikalamba kidole kama mtoto. Baba Pacha alisimama kando, mikono kiunoni, amejivuna kana kwamba kalichimba yeye.

— Ndege wapo? akaniuliza.

— Wapo, tele!

— Wa rangi gani leo?

Nikamweleza mmoja mmoja. Wengine wana miguu kama vijiti vya kufumia, wanatembea kwa maringo kama wanakwenda harusini. Alisikiliza amefumba macho, anatabasamu. Mume wangu amekuwa mshairi uzeeni, nani angedhani!

Na tuna mchezo wetu njiani. Kazi yangu ni kusoma vibao vyote kwa sauti, vya barabara, vya maduka, hata maandishi ya nyuma ya malori. Yeye anasema sauti yangu inamfurahisha kuliko redio. Nimesoma leo mpaka koo limekauka. "Fundi Saa Hodari." "Punguza Mwendo." "Usinihurumie, Nionee Wivu." Hilo la mwisho lilikuwa kwenye lori la mkaa.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua kutwa. Paa linavuja upande wake wa kitanda. Wangu mkavu. Mungu ni mwema.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi tulisimama kituo cha mafuta. Dada wa pampu alikuwa na foleni, Baba Pacha akasema ajihudumie mwenyewe, yeye mtu wa barabara. Akashika bomba. Yule dada akapiga kelele: mzee, hiyo ni petroli! Mama Mkwe anakunywa dizeli, tangu azaliwe. Pampu zimeandikwa kwa herufi kubwa kama mlango. Baba Pacha akacheka, akasema uzee huo. Dada akacheka. Mimi nikacheka pia.

Lakini tulipoingia barabarani kicheko kilinikwama. Nikamwambia, kwa utani tu:

— Leo zamu yako. Soma wewe.

Mbele kulikuwa na kibao cha njano. Alikitazama. Akasema kwa sauti ya uhakika kabisa:

— "Karibuni Wageni."

Kibao kilisema: DARAJA BOVU, SIMAMA.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Akakanyaga breki. Kila kitu ndani kilikuja mbele — sufuria, maji, mimi. Tukasimama kwenye changarawe. Ukingo wa daraja haukuwepo, umeliwa na mto. Kulikuwa na mawe yamepangwa na kitambaa chekundu juu ya kijiti. Kijiti chenyewe kilikuwa mbele ya bampa letu, ningeweza kukishika bila kunyoosha mkono.

Kumbe sauti yangu haikuwa redio. Ilikuwa macho yake. Siku zote hizi alikuwa akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa!

Tumelala hapa hapa kando ya daraja. Sijamsemesha. Chai nimempa.

Jumatatu, 10 Juni

Amesema mwenyewe, wakati nakunja shuka.

Alianza kwa kunihakikishia kwamba mchana huwa anaona vizuri. Nikamtazama tu. Akasema basi, si vizuri sana. Nikaendelea kumtazama. Akaketi kwenye ndoo. Jicho la kushoto lina ukungu tangu mwaka jana. La kulia naona kama kwenye bomba, akasema, katikati nakuona wewe, lakini herufi hazisomeki, pembeni hakuna kitu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

— Ningesema, pacha wangenipokonya funguo siku hiyo hiyo. Na mimi nilikuahidi, Mama Pacha. Nilitaka uione hii nchi mimi nikiwa bado naiona. Tuione pamoja.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga safu safu. Yakayeyuka. Halafu yakarudi! Nikamwambia ungetuua, mwanamume wewe, ungetuua wote wawili na mapazia yangu! Nikalia, naye akalia, tukiwa tumebanana kati ya sinki na kitanda, hakuna pa kugeukia.

Kisha nikanyoosha mkono.

— Funguo.

Alizishika kwanza. Akazipapasa, moja moja. Halafu akaniwekea kiganjani.

Jumatano, 12 Juni

NIMEENDESHA!

Niandike vizuri. Leseni ninayo. Niliipata kabla pacha hawajaanza shule, nikaendesha mara moja na mume wangu kando, akanifokea mbele ya watu, nikashuka katikati ya barabara nikarudi nyumbani kwa miguu. Tangu hapo naihuisha kila inapoisha, kwa ubishi tu. Ubishi mwingine una faida.

Jana dereva wa lori la mbao alituonea huruma, akatuvusha kwa njia ya chini, yeye kwenye usukani. Akatuacha kwenye uwanja wa mnada, mtupu, mpana, mbuzi tu. Leo asubuhi nikapiga moyo konde. Nikakaa. Usukani mkubwa kama sinia la harusi! Miguu haifiki, nikaweka mto mgongoni.

— Mwamkie kwanza, akasema Baba Pacha.

— Shikamoo mama, nikasema, nikawasha.

Akaitikia! Kisha nikaachia klachi, Mama Mkwe akaruka kama amechomwa sindano, akazima. Tena. Akazima. Tena. Mbuzi wakaanza kutuhama. Nilisubiri Baba Pacha afoke. Hakufoka. Alisema polepole, msikilize kwa unyayo, usimsikilize kwa masikio. Atatetemeka kidogo, hapo ndipo anakuambia twende.

Nikasikiliza. Akatetemeka. Tukaenda!

Nimezunguka uwanja huo mpaka nikaona kizunguzungu. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu! Nimepiga kelele dirishani. Mwenye mbuzi alikaa juu ya jiwe akituangalia, na kila nikipita anainua fimbo yake juu kama mshika bendera. Kurudi nyuma bado. Kurudi nyuma nimegonga nguzo ya lango, taratibu tu, kama kumbusu. Nguzo haikusema kitu.

Mikono inauma mpaka mabegani. Nimesuka vichwa vya maharusi usiku na mchana, sijawahi kuchoka hivi. Wala kufurahi hivi.

Ijumaa, 14 Juni

Mlima! Mlima wa kilemba! Mimi! Kwa mikono yangu!

Nilikataa kwanza. Nikasema tusubiri dereva yeyote. Baba Pacha akasema dereva yupo. Nikageuka nyuma kumtafuta.

Basi tukapanda. Sasa yeye ndiye anayenisomea. Hahitaji vibao. Anakaa ameegemea mlango, uso unaelekea mbele, na barabara yote imo mwilini mwake: sasa inakuja kona ya kulia, kali, shusha gia kabla hujafika, sasa utasikia tairi zinabadili sauti, ni lami mpya, hapa kuna chemchemi upande wako, lori hunywa maji hapa. Na chemchemi ikawepo! Nikasema umepitwa na wakati, siku hizi kuna kibanda. Kinauza nini? Chai na betri za simu. Akafurahi kama ameletewa habari za ndugu.

Nyuma yetu msururu wa magari, honi mtindo mmoja. Baba Pacha akasema waache, wao wanakwenda kazini. Sisi tuko nyumbani!

Tukafika juu. Nikavuta breki ya mkono. Chini yetu mabonde, moja nyuma ya jingine, bluu, mpaka huoni mwisho. Niliwahi kusimuliwa mahali hapa nilipojifungua pacha, kwa simu ya posta, na Baba Pacha, aliyekuwa ametoka kusimama hapa hapa akilia kwa furaha. Alisema alitaka na mimi nipaone.

Nikamshika kichwa nikakigeuza taratibu mpaka akasema hapo. Hapo naona. Ni kipande tu, lakini naona.

Tulikaa mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 15 Juni

Tumeshuka mji mdogo. Zahanati ina muuguzi wa macho, mama wa makamo mwenye mzaha mwingi. Amemmulika, mzaha ukaisha.

La kushoto ni mtoto wa jicho. Hilo hutolewa, wanatolewa kila siku, akasema. La kulia ni presha ya jicho. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki pengine huzuilika, asichelewe. Hospitali ya macho iko ng'ambo ya mto. Daktari bingwa hukaa Jumanne tu, kisha huenda safari zake. Amepiga simu, wametupa nafasi Jumanne hii.

Nimewaarifu pacha; wamepiga simu, wote wawili kwa pamoja, wanaongea kama redio mbili. Mkubwa anataka kutuma gari lituchukue. Mdogo anauliza baba anaendeshaje katika hali hiyo. Nikasema haendeshi. Anaendesha nani? Mimi. Halafu mdogo akapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza! Mkubwa bado anasubiri nimwambie ni utani.

Baba Pacha hali chakula vizuri. Amepangusa vioo vyote vya gari, ndani na nje, bila kutumwa. Kwa kitambaa, si taulo langu.

Jumatatu, 17 Juni

Kivukoni. Naandikia juu ya usukani.

Mto mpana kuliko nilivyodhani, wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda kwa haraka zake. Kivuko ni bapa, kimefunguliwa mdomo wake wa chuma kwenye ukingo, na mdomo huo una mteremko. Na umelowa. Na ni mwembamba! Malori yanaingia yakipepesuka kama walevi. Lori la nyanya lililo mbele yangu limechukua nafasi yote.

Nilidhani Baba Pacha atakuwa kando yangu. Mwanamke wa kivuko mwenye koti la njano akaja dirishani: abiria wote washuke, wapande kwa miguu, ndiyo sheria. Abaki dereva peke yake. Nikamwambia huyu ndiye macho — nikakomea hapo. Baba Pacha akanishika bega. Akasema ukifika kwenye chuma utasikia sauti inabadilika, usishtuke, usiguse breki, mwache aende. Akashuka. Mama mmoja mwenye kikapu amempa mkono, wakapanda pamoja na watu.

Hiki leo ndicho chombo cha mwisho. Kikiondoka kimeondoka mpaka kesho mchana, na kesho ndiyo Jumanne.

Naogopa. Lakini — nitaandika tu, hakuna asomaye — nafurahi pia! Naogopa na nafurahi kama bibi harusi!

Lori la nyanya limeingia. Sasa naona sitaha yote. Yule pale, Baba Pacha, amesimama kwenye nondo za ukingo, kofia mkononi. Ananipungia. Anapunga kwa nguvu, anacheka, anaita kitu.

Si mimi ninayepungiwa. Ni gari jeupe la maji, kule mbali kushoto. Dereva wake ameinua mkono, amempungia naye.

Koti la njano linaniita. Mimi. Njoo, njoo mama, njoo moja kwa moja.

Nimeshusha kioo nimwite kwanza, ajue niko huku, halafu naweka kalamu, naingia.