Manyoya Mekundu Ukutani

Hirbadaw, 9 Agosti 1944

Kaka Marko, shikamoo.

Sisi wazima, mama anakohoa kidogo tu. Barua hii nimeianza mara nne, kila mara nainuka kwenda kuangalia ukuta.

Mvua za masika ziliubomoa ule wa upande wa zizi. Nikaukandika kwa udongo mtupu. Ulipokauka ukapasuka wote. Nikachanganya udongo na uji wa mtama ili ushikane, kuku wakaudonoa mpaka fito zikaonekana. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Juni.

Utauliza kwa nini sikutia mavi mabichi ya ng'ombe kama siku zote. Kaka, ng'ombe hawapo. Ugonjwa wa sotoka uliwamaliza mwezi Juni wote kumi na wanane, pamoja na wale wa mahari ya mchumba wako Imakulata. Nilipokuandikia kwamba wamenenepa nilidanganya. Niliogopa ungesoma huko vitani ukaacha kujilinda.

Imakulata anajua. Ndiye aliyenyoa manyoya kwenye ngozi zilizobaki, tukayakatakata na kuyakanda na udongo. Sasa ukuta hauna ufa hata mmoja. Karibu na mlango utaona manyoya mekundu, ni ya yule dume uliyemlea mwenyewe.

Jana baba yake Imakulata alipita, akasimama mbele ya zizi tupu, akaondoka. Imakulata akaja mbio, akaniambia nikuandikie leo hii, kabla hajaletewa mchumba mwingine: yeye hakuchumbiwa na ng'ombe.

Jibu upesi.

Mdogo wako,
Angela