Anatikisa Yeye, Nasikiliza Mimi

Banda la Maparachichi,
Nyuma ya Mizani ya Malori,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kidoti,

Pokea salamu zangu. Naituma barua hii kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha yako ya mwaka juzi, maana sina nyingine, na namba yako ya simu haipatikani tangu mwezi wa kwanza. U hali gani? Unapata usingizi? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua umepoa? Na shemeji, hajambo? Nauliza yote kwa mkupuo kwa sababu nimekaa miezi mitano bila kuuliza hata moja.

Mimi ni mzima. Nakula, nafanya kazi, nalala. Baba yako naye ni mzima wa mwili, ila amepungua. Naandika kwa sababu ya ile simu. Najua hutaki kuisikia habari yake, lakini nakuomba usiichane barua kabla hujafika mwisho. Ukishafika mwisho, uamuzi ni wako.

Banda ni lile lile unalolijua. Kina mama wa meza ya kuchambulia bado ni sita na bado wanagombania kiti chenye mto. Mlango wa chumba cha baridi bado haufungi mpaka uusukume kwa nyonga. Matunda yanaingia asubuhi, tunayapangusa, tunafupisha vikonyo, tunapima, tunapanga kwenye katoni, na saa kumi lori linaondoka. Nimeifanya kazi hiyo tangu Januari kama mtu anayehesabu ngazi, mguu baada ya mguu.

Siku ile ulipopiga, simu ilikuwa yangu. Nilimpa baba yako, baba mdogo wangu, nikamwambia ni wewe, akaona picha yako kwenye kioo cha simu, uso ukamchanua. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake nikipanga katoni. Nilimsikia akisema, "Vizuri sana mwanangu, tunamshukuru Mungu. Sisi hatujambo. Haya, haya." Akanirudishia simu, akaendelea kubandika lebo. Sikuwa nimemaliza safu ya katoni ujumbe wako ukaingia: kwamba umemwambia baba kuwa mtoto wako hakuishi, naye amekujibu vizuri sana, tunamshukuru Mungu, na tusikutafute tena.

Niliusoma mara tatu. Nikamtazama baba yako, akawa anapiga mluzi. Kidoti, nilimchukia palepale. Sikumuuliza. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu niliona aibu ya kuwa na mzee wa namna ile, na kwa sababu nilikuogopa wewe pia. Kuanzia siku hiyo nikawa namwamkia kwa mdomo tu, shikamoo baba, na kupita. Akiniuliza kama umepiga, najibu hapana huku nikitembea. Moyo ulikufa ganzi, na sikujisumbua kuuamsha.

Sasa nikupe habari za msimu, maana ndizo zilizonifikisha hapa. Unajua jinsi baba yako anavyochagua tunda. Wengine wanatazama ngozi, wengine wanabonyeza. Yeye huchuma moja, akaliweka sikioni na kulitikisa. Kokwa likicheza ndani, shamba limekomaa, tupeleke mikasi. Likikaa kimya, turudi wiki ijayo. Ndiyo maana wakulima walimpa jina la Mzee Sikio, na miaka yote hiyo hajawahi kutuletea tunda changa lisiloiva.

Mwaka huu kila shamba alisema bado. Wiki ya kwanza bado, ya pili bado, ya nne bado. Wakulima wakaanza kununa, wengine wakauzia watu wa banda la ng'ambo ya barabara. Yale machache tuliyochuma baadaye yalikuwa yamepitiliza mtini, yakalainika ndani ya lori, na mnunuzi akarudisha nusu ya mzigo. Tulimwaga kreti arobaini na moja nyuma ya banda. Nzi walikuja, sisi tukafagia.

Jumatatu iliyopita nikasema nitafuatana naye. Tulikwenda kwa yule mama mwenye miti kumi na miwili nyuma ya shule, yule anayecheka hadi anakaa chini. Siku hiyo hakuwa anacheka. Baba mdogo akachuma tunda, akalitikisa sikioni, macho ameyafumba, akasema, "Bado, mama. Tupe wiki moja." Yule mama akanigeukia, akasema mzee akiwa pembeni yake kabisa, wala si kwa kunong'ona, "Sikio la kufa halisikii dawa. Mzee wenu amezeeka vibaya." Baba yako akatabasamu, akamjibu, "Vizuri, tunashukuru."

Nililichukua lile tunda mkononi mwake, nikalitikisa kwenye sikio langu. Kokwa lilikuwa linagonga kama kiberiti kilichobaki njiti tatu. Nikalirudisha kwenye sikio lake mwenyewe, nikatikisa kwa nguvu. Alisubiri. Alikuwa na uso wa mtu aliyebisha hodi na bado hajafunguliwa. Nikapita nyuma yake, nikaita, "Baba mdogo." Hakugeuka. Nikachukua mkasi nikagonga kreti la bati mara mbili. Kuku wa yule mama walikimbia, baba yako akaendelea kuangalia mti.

Yule mama alijifunika mdomo kwa kanga. Mimi mambo yakawa yananijia moja baada ya jingine: redio inayopigwa mpaka majirani wanalalamika, mikutano ya wakulima aliyoacha kuhudhuria, chakula anachoulizwa kama kimetosha naye akajibu sijambo. Na marehemu mama yako, Mungu amrehemu, aliyekuwa akirudia kila neno la mgeni kwa sauti kubwa, akimtazama mumewe usoni. Tulikuwa tunamtania kwamba ni kasuku. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa masikio ya mzee miaka yote hiyo, na hakutuambia, na tangu tumzike hakuna aliyeshika zamu yake. Mficha maradhi kilio humfichua.

Niliporudi bandani nilimkuta dereva wa lori anafunga turubai. Ndiye anayezunguka na baba yako mashambani, na mle ndani ya lori mzee huongea njia nzima, nadhani kwa sababu anayeongea hadaiwi kusikiliza. Dereva akaniambia, kwa wema kabisa, "Dada, yule mjukuu wa mzee naona sasa ameanza kukaa. Kila siku ananihesabia miezi."

Ndipo nikajua aliyoyasikia siku ile. Hakusikia kitu, Kidoti. Alijua una mimba na siku zimekaribia, akaona picha yako inapiga, akajijazia yaliyobaki. Miezi mitano amekuwa na mjukuu, anamkuza peke yake ndani ya lori, na kwangu hakuthubutu kumtaja kwa sababu kila akifungua kinywa mimi nilishapita.

Ningeweza kumwacha mzee na mjukuu wake huyo. Nililifikiria hilo, nakuambia kweli. Lakini nikakukumbuka wewe huko, kwamba unadhani baba yako aliambiwa msiba akashukuru. Nikaona kati yenu wawili mmoja lazima aumie upya, na wewe umeshaumia peke yako vya kutosha.

Nilianza kwa kumwambia kwa mdomo, nimesimama mbele ya uso wake na kuyatamka maneno polepole, kwamba hasikii. Alikasirika. "Mimi nasikia. Ninyi vijana wa siku hizi mnanong'ona." Basi nikachukua ile kalamu nene ya kuandikia katoni, nikafunua kifuniko cha katoni tupu, nikaandika kwa herufi kubwa: MWEZI WA KWANZA KIDOTI ALIPIGA KUKUAMBIA MTOTO WAKE HAKUISHI. HUKUMSIKIA.

Alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa shati. Akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Kisha akairudisha miwani mfukoni na kuendelea kufunga katoni, kwa sababu lori lilikuwa linasubiri na zilibaki thelathini. Alizifunga zote. Nilikuwa nampa utepe, anaukata, anabandika, nampa tena. Kina mama wa mezani hawakujua kinachoendelea, walikuwa wanabishana habari ya kile kiti.

Lori lilipoondoka akakaa juu ya ile mizani ya sakafuni ya kupimia kreti, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Mshale ukayumba, ukasimama kwenye kilo hamsini na nne. Mwaka jana alikuwa sitini na sita, wewe mwenyewe ulimpima mkicheka. Akaniuliza, "Nilimjibu nini?"

Nilitikisa kichwa, nikijifanya sikumbuki. Akanyoosha mkono, akanipa ile kalamu. Sikuwa na pa kukimbilia. Niliandika chini ya yale ya kwanza: ULISEMA VIZURI SANA MWANANGU, TUNAMSHUKURU MUNGU.

Hakulia. Mimi pia sijalia mpaka leo, na sijui machozi yangu yamekwama wapi. Alikichana kile kifuniko taratibu kwenye mkunjo wake, akakikunja, akakitia mfukoni mwa shati. Mpaka leo kimo humo. Shati lile nimelifua mara moja, na alikitoa kwanza.

Sitakuambia yaliyopita si ndwele. Haya ni ndwele, na sehemu ni yangu. Ningemuuliza siku ileile neno moja tu, ungejua jioni hiyohiyo. Nilimhukumu mzee kwa jibu lake moja, nami sikusema neno hata moja. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, msamehe yeye, mimi nitangoja foleni.

Kazi inaendelea. Tangu Jumatano tunakwenda mashambani pamoja. Anachuma mwenyewe, kwa sababu mti wa kuanzia anaujua yeye, halafu analileta tunda kwenye sikio langu. Anatikisa yeye, nasikiliza mimi. Kokwa likicheza nainua kichwa, naye anawaambia wakulima, "Limekomaa, leteni mikasi," kwa sauti ile ile ya zamani. Wameanza kurudi. Bado wanamwita Sikio, na yule mama wa miti kumi na miwili ameanza tena kucheka, ingawa akimwona mzee huja mbele yake kwanza ndipo anene.

Dereva tulimweleza. Siku ya tatu akamnunulia mzee daftari na kalamu, wanaandikiana wakisimama kwenye vituo. Mwandiko wa dereva ni mbaya, mzee anamsahihisha.

Kina mama wa mezani wanakusalimu wote sita, pamoja na mwenye kiti wa wiki hii. Dereva anakusalimu, na yule mama wa nyuma ya shule anasema atakuwekea tunda la mti wa pembeni ukija. Tusalimie shemeji, umpe pole yetu, iliyochelewa kama ilivyochelewa. Mungu akufunike, akupe usingizi, na huyo aliyetangulia amlaze pazuri.

Nimemwachia baba yako nafasi hapa chini. Amekaa na karatasi tangu tulipotoka kula, ameniambia niondoke asije akaona haya. Sitayasoma atakayoandika, nitafunga bahasha tu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nilipokaa kimya,

Dada Mkubwa wa Bandani

Mwanangu Kidoti,
Sikukusikia. Ni mimi baba yako. Nilidhani unanipa habari njema, nikafurahi.
Niambie tena, kwa kuandika. Nitasoma polepole.
Niambie alikuwa wa kike au wa kiume.