Sindano Iliyonichoma

Dada yangu,

Kabla hujauliza: cherehani ni nzima, na wifi yako bado ananisema kwa kukoroma.

Hospitali wamenibandika nyaya kichwani. Usipige kelele! Ni umeme kidogo wa kuamsha ubongo. Daktari anasema sehemu inayohisi mguso na ile inayosogeza mkono ni majirani. Ukimgongea mmoja, mwingine naye anaamka. Alipoigongea ile ya kuhisi, nikasikia kitu kimenigusa kidole gumba cha kulia, na gumba lenyewe likaruka, likaangusha miwani yake. Nikamwambia, "Pole daktari, jirani ana hasira."

Jana dukani sindano ikanichoma gumba hilohilo. Nikapiga vigelegele kama shangazi wa bwana harusi, mteja akatoka mbio na suruali ya mguu mmoja. Wifi yako akaja, akaona damu, akalia kwa furaha.

Dada, mkono ule ulikufa ganzi mwaka mzima. Kiharusi. Tulikuficha. Barua zote za "hatujambo" aliziandika wifi yako.

Hii nimeiandika mwenyewe, kwa mkono huohuo. Mistari ikipanda mlima, panda nayo.

Mdogo wako, fundi