Faili Lako Nimelibeba Mimi

Dada yangu, msomi wa ng'ambo,

Sisi wazima, na mimi nimezidi kupendeza. Ulidhani tarishi wa chuo hajui kusoma? Miezi mitatu nimebeba mafaili ya mabingwa wa dunia wanaoomba uprofesa wa utafiti hapa, na lako nikaliona. Kumbe ulitaka kurudi, ukatuficha. Nami nikafunga mdomo. Tangu tumzike Baba, Mama hatoki kitandani, nikaogopa kumpa tumaini halafu wakukatae.

Leo kamati imekuchagua wewe. Nimeshusha pumzi, nikakimbia kumwambia Mama.

"Usinitanie, we mtundu," akasema. Kisha akainuka mwenyewe, akaanza kufua mapazia ya chumba chako.

Njoo upesi, kabla sijakunyang'anya cheo.

Mdogo wako,
mwenye akili ulizobakiza