Nkokwa Bado Ipo, Nimesema

Jumamosi, 17 Aprili 1999

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wake wawili, chifu mmoja, ng'ombe wasiohesabika, na ile foleni ya sukari ya duka la ushirika. Kusoma nilijifunza ukubwani, elimu ya watu wazima, na darasa zima niliwashinda. Naandika mchana, juani, herufi kubwa. Za karibu naziona safi.

Leo redio imesema wazungu wamepata nyota mfano wa jua letu hili, mbali huko, na sayari tatu kubwa kubwa zinaizunguka. Redio ni ya Namnyaki, mkwe wangu, mke wa marehemu mwanangu. Anauza mitumba Kaloleni, mimi ndiye mwenye nyota.

Wazungu wamechelewa. Hapa kwetu ngwara, maharage yetu meusi, haipandwi mpaka niseme mimi. Nkokwa, zile nyota sita zinazofuatana kama ng'ombe, zikionekana magharibi jua likizama, mvua ipo — panda. Zikipotea, mvua imekwisha. Mbegu utakayoweka ardhini umeizika. Baba alizisoma, nami nazisoma. Vijana hawatazami juu, wanatazama video.

Jumapili, 18 Aprili

Baada ya ibada nimemshika mwalimu Elihuruma. Hizo sayari wazungu walizionaje?

Akasema, mzee wangu, hawajaziona. Waliona nyota inayumba. Kidogo tu, huku na huku. Maana yake kuna vitu vizito vinaivuta. Kwa kuyumba huko wakajua ni sayari ngapi, na kila moja inazunguka kwa siku ngapi.

Hilo nalijua zamani! Fahali kafungwa nyuma ya ua, humwoni. Tazama mti aliofungiwa unavyotikisika, utasema huyu fahali, huyu ndama.

Nimerudi nyumbani na furaha. Mtu anaweza kujua asichokiona, na wakamwita mtaalamu.

Jumatatu, 26 Aprili

Wingu tu, wiki nzima. Mlima hauonekani, nyota hazionekani. Watu wananiuliza njiani. Nawajibu subirini.

Jumamosi, 1 Mei

Jioni magharibi pamefunguka. Meitamei amekuja na fimbo yake. Tulitahiriwa mwaka mmoja, yeye akalia, mimi sikulia.

— Lemomo, ipo au haipo? Nina debe moja la ngwara. Sina jingine.

— Tazama mwenyewe.

— Mimi hata ng'ombe wangu namjua kwa kengele. Sema wewe, layoni mzee.

Layoni, mvulana asiyetahiriwa, ndio utani wetu. Nikanyoosha mkono. Ipo, nimesema. Pale, kando ya ile nyota kubwa ya jioni. Zote sita.

Ile kubwa niliiona. Kama pamba iliyolowa, lakini niliiona. Nkokwa iko kando yake, Namnyaki mwenyewe alisema hivyo wiki ya Pasaka. Iende wapi?

Meitamei ametangaza boma kwa boma. Jumatatu wanapanda.

Jumapili, 2 Mei

Sikwenda kanisani. Namnyaki ameleta chai, hakuondoka.

— Baba, ile kubwa imepanda juu. Imewaacha wale ng'ombe siku nyingi. Jana nilikuwa nyuma yako, nilitazama. Nkokwa imezama.

Nikamwambia wewe uza nguo.

Akasema kwa upole:

— Macho yako nimeyajua toka mwezi wa pili. Hukuniambia, na mimi sikuuliza. Unaposhuka kizingiti unayumba, baba. Kidogo tu, huku na huku.

Chai imepoa. Sikuinywa.

Akasema kuna daktari wa macho mjini, atanipeleka. Nikasema Nkokwa bado ipo. Akasema, macho yanaweza kungoja, mbegu za watu zitangojaje? Mimi siwezi kukukanusha mbele ya wazee, mimi ni mkwe. Ni wewe wa kuwaambia.

Jumatatu, 3 Mei

Asubuhi. Jua kali, udongo juu umeanza kukauka. Nimechukua kiganjani, nimeubana — haushikani.

Wamekuja. Wanaume kumi na nne, wanawake sikuhesabu. Debe la Meitamei liko juu ya punda. Mbegu ya kwanza lazima niitupe mimi, ndiyo desturi, baba yangu aliitupa.

— Lemomo, toka! Au unaogopa jembe?

Wanacheka. Nimewaambia wanisubiri, nina jambo naandika.

Namnyaki kasimama mlangoni, kitambaa kimemfunika nusu ya uso. Leo hakwenda Kaloleni. Kizingiti kiko kati yangu na wale watu, na wote wanatazama huku.

Meitamei ameweka mbegu kiganjani, ameninyooshea kupitia mlango. Nyeusi, safi, hazina hata moja iliyotobolewa. Alizichagua mwenyewe, kwa vidole.

Sijaipokea. Nikitoka nitawaambia: akiuliza mtu Jumamosi niliona nini magharibi, aulizwe Namnyaki. Alikuwa nyuma yangu. Yeye macho yake mazima.